Kiko cha Bibi na Chuma cha Ini

Bibi Pelagia aliacha kiko siku ya Jumatano, na mimi ndiye niliyemwomba aache. Naanza na hilo kwa sababu wengine nao walianza na hilo hilo, ila wao walilisema kwa sauti nyingine.

Ni bibi mzaa baba wa mume wangu, Dionis. Kwake ni Kitahana, kule Kibondo, na amelima muhogo na maharage tangu akiwa msichana. Nyuma ya jiko lake alikuwa na mashina kama kumi ya tumbaku, si ya kuuza, ya kwake mwenyewe. Akishaikausha juu ya moto anaisokota kama kamba, anaikata kidogo kidogo kwa kisu, anashindilia kwenye kiko cha udongo kilichokuwa cheusi kuliko chungu cha maharage. Alivuta kabla ya kushika jembe, akavuta baada ya ugali, akavuta tena jua likielekea kuzama. Mti wa kiko ulikuwa umebonyea pale panapokaa meno yake mawili ya mbele.

Na huyo huyo Bibi ana pumu. Ukimwambia kwamba moshi na pumu havipatani, anakujibu kwamba itabi, yaani tumbaku kwa Kiha, na yeye wamejuana kabla hujazaliwa. Dawa yake ilikuwa aminofilini, vidonge vidogo vyeupe, viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Alivimeza kwa taarifa ya habari ya redio, hakukosa hata mara moja. Kila alipoishiwa alikwenda kuchukua vingine kwenye kituo kimoja cha afya pale Kibondo mjini, kwa mfamasia anayeitwa Asmahani, ambaye nyumbani tulimfahamu kwa jina tu, kwa sababu Bibi hakuacha kumsimulia: Mswahili wa pwani, anaongea kama anaimba, hakupi dawa mpaka amekuuliza umekula nini.

Binti yetu alipozaliwa tukampa jina la Bibi, kwa kifupi Pela. Alipofikisha miezi minne, Bibi akaja kwetu Heru Juu, upande wa Kasulu, kumwona somo yake. Alishuka kwenye bodaboda na kuku wawili, kiroba cha maharage, dawa za miezi mitatu na kiko chake kwenye mfuko wa sweta.

Nilifurahi mno. Wakati wa ujauzito niliishiwa damu hadi nikawa naona giza nikiinuka, na ni Bibi aliyekuja kukaa nami wiki sita, akinipikia maharage na majani ya muhogo, akinisimamia nikimeza vidonge vya madini ya chuma kama mtu anayelisha ndama. Sikuwa na mama wa kunifanyia hivyo. Kwa hiyo hata nilipomwomba aache kiko, sikumwomba kwa dharau ya msomi. Mimi nasoma madarasa ya jioni Kasulu, najiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ninajua kidogo, na ninajua kwamba ni kidogo. Nilimwambia tu kwamba Pela anakohoa akikaa mapajani mwake, na kwamba mwalimu wetu wa Biolojia, mwalimu Lusajo, alitufundisha moshi unavyofanya kwenye kifua cha mtoto.

Kesho yake, Jumatano, nilimkuta anakifunga kiko kwenye kitambaa. Akakiweka juu ya kabati. Akamchukua Pela, akamnusa kichwani, akasema kwamba kati yao wawili mmoja ndiye anayeanza safari, basi mwenye safari ndefu apewe hewa.

Nilidhani shida itakuwa hasira za kukosa tumbaku. Zilikuwepo, siku tatu za kwanza: alimfokea kuku, alilalamikia chumvi. Zikapita. Ila kuanzia siku ya tano mikono yake ikaanza kutetemeka hata akishika kikombe. Usingizi ukamkimbia. Siku ya saba akawa anatapika, na alipoweka kiganja changu kifuani mwake nilisikia moyo unakimbia kama cherehani ya mtu mwenye oda ya sikukuu. Cha ajabu, hakuwa anabanwa pumzi. Kifua kilikuwa chepesi, mwili mzima ndio ulikuwa umewehuka.

Tulimpeleka zahanati, akapimwa malaria, hakuna. Tukarudi na dawa ya kutuliza tumbo, isikae tumboni hata nusu saa.

Ndipo akaja shangazi yake Dionis, shangazi Veronica, anayeuza vitenge sokoni Kasulu. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema kwa Kiha kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisije nikajifanya sikuelewa: mzee amevuta miaka hamsini hajawahi kutetemeka, ameingia nyumba ya msomi wiki moja tu, sasa anakufa.

"Na vidonge nani anampa?" akauliza.

Nikamjibu kwamba ninampa mimi, kwa sababu redio yetu imeharibika.

"Basi," akasema, na akalikata hapo.

Hilo *basi* nililielewa. Nilijifungia chumbani nikavihesabu vidonge mara tatu. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, viwili mara tatu kila siku, hakuna kilichozidi. Lakini nilijua shangazi anavyofikiri, na nilianza kufikiri vivyo hivyo: labda mkono wangu umekosea mahali. Labda nimemuua mtu aliyenirudishia damu.

Bibi mwenyewe alisema anataka kurudi Kitahana. Alisema kama ni kufa, akafie kwake. Dionis akaazima gari la tajiri wake, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa shangazi, mimi mbele, Pela nimemtoa mgongoni nimemhamishia kifuani. Tulipoikaribia Kibondo Bibi akafungua macho, akasema tupite kwanza kwa yule wa pwani akamuage. Sijui kama alikuwa na maana ya kuaga kweli au alikuwa anatafuta msaada bila kuonekana anatafuta. Namjua sasa, nadhani la pili.

Daktari wa zamu pale kituoni alikuwa kijana. Alimlaza, akasikiliza moyo, akasema mapigo ni mia moja na thelathini na nane. Akaomba kuona dawa. Nilimpa pakiti na karatasi yangu ya hesabu. Aliisoma, akasema kwa upole kwamba dalili zote ni za dawa iliyozidi mwilini, lakini hesabu inakataa. Shangazi Veronica akageuza uso kuelekea dirishani. Sikuhitaji kuuona.

Daktari akamwita mfamasia. Asmahani akaja na ushungi wa kijani, kalamu imechomekwa sikioni, mwembamba, si mtu wa umri mkubwa kama nilivyokuwa nimemwaza. Hakuanza na pakiti. Alimwinamia Bibi kama anayetaka kumbusu, akabaki hapo kidogo, akainuka.

"Bibi yangu," akasema, "leo hunuki."

Bibi akacheka kwa sauti iliyokauka. "Nimeacha."

"Lini?"

"Jumatano ile ya nyuma."

Asmahani akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akafumba macho kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi. Halafu akainuka haraka, akaongea na daktari maneno machache, na kila kitu kikaanza kwenda: vidonge vikasimamishwa, dripu ikatundikwa, wakamwekea waya za kupima moyo, muuguzi akaambiwa asimwache peke yake. Asmahani alipopita karibu yangu akaniambia nisilie, hesabu yangu ni nzuri, nitaelezwa kesho mgonjwa akitulia. Sikujua kuwa nilikuwa nalia. Nilijua tu kwamba Pela alikuwa ananishika shavu.

Asubuhi Bibi alikuwa mwingine. Mkono ulitetemeka bado, lakini kikombe cha uji alikifikisha mdomoni mwenyewe. Mapigo yalikuwa yameshuka chini ya mia. Aliomba mto wa pili, akaomba kujua kwa nini uji hauna sukari. Shangazi Veronica alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, na mapajani alikuwa ameshika kitu nilichokitambua kwa kitambaa chake. Alikuwa amekichukua kiko juu ya kabati letu kabla hatujaondoka.

"Mama," akamwambia Bibi, "hiki ndicho kilichokushika. Vuta, tutoke hapa."

Bibi akakipokea. Hakukifungua. Na hapo Asmahani akaingia na kadi ya Bibi mkononi, ile ngumu ya rangi ya kaki, akaona kitambaa, akaelewa.

Hakumnyang'anya. Alivuta kiti, akageuza boksi tupu la dawa, akachora kwa ile kalamu ya sikioni. Sasa hapa nitajaribu kusema nilivyoelewa, kwa sababu sijawahi kuona mtu anachora kitu kizuri namna ile juu ya boksi la panado.

Alisema ndani ya ini kuna vimeng'enya, na tuvichukulie kama mafundi. Dawa nyingi hazipendi maji. Zikiingia mwilini zingekaa humo humo, hazina njia ya kutoka. Kazi ya fundi ni kuigeuza dawa iweze kuyeyuka kwenye maji, itoke na mkojo. Na kila fundi wa aina hii ana kifaa kimoja tu katikati yake. Akachora pete, kama ngata ile tunayoweka kichwani tukibeba ndoo. Katikati ya ngata akaweka nukta moja nzito.

"Hii pete na hiki chuma," akasema, "vinaitwa hemu."

Nikashtuka kwa sauti. Hemu naijua. Mwalimu Lusajo alituandikia ubaoni: hemu ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kwenye damu, ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu. Nikasema hivyo, nikaona aibu, kwa sababu ilikuwa kama ninajionesha.

Asmahani akanitazama kwa namna ambayo walimu wachache wamewahi kunitazama.

"Ndiyo yenyewe, Mama Pela. Kwenye damu inaishika oksijeni, inaibeba, inaitua salama, kama mtu aliyetumwa mzigo usio wake. Kwenye ini inaishika oksijeni na kuitumia. Oksijeni hutembea pacha. Chuma kinawatenganisha pacha wale: mmoja kinambandika kwenye dawa, mwingine anatoka akiwa maji. Dawa ikishabandikwa, imepata njia ya kutoka."

Nje mtu alikuwa anafua mashuka, nikasikia maji yanamwagwa. Niliwaza chuma kile nilichokuwa nikimezeshwa na Bibi, kidonge baada ya kidonge. Kumbe hakikwenda kwenye damu peke yake. Kuna kilichokwenda kuketi katikati ya ngata ndogo isiyoonekana, kwenye ini langu, kikaanza kazi ya kutenganisha pacha bila mimi kuambiwa. Nilikuwa nimebeba kiwanda na ninakwenda nacho kisimani.

Asmahani akaendelea. Moshi wa tumbaku ukifika kwenye ini, ini linaongeza mafundi wa aina moja, wengi sana, ili kuutoa ule uchafu wa moshi. Mafundi hao hao ndio wanaoshughulikia aminofilini. Ndiyo maana miaka ile kidonge kimoja kimoja hakikumfaa Bibi: kilimalizwa kabla ya kufika kifuani. Wakampandishia hadi viwili. Akageuza kadi, akatuonesha pembeni, kwa mwandiko mdogo: *kiko, mara tatu kwa siku.*

"Jumatano Bibi akazima moshi. Ini likaona kazi imekwisha. Mafundi wanachakaa, hawaajiriwi wapya. Ndani ya wiki wamebaki wachache, lakini vidonge vinaingia vile vile viwili. Dawa ikarundikana. Mama Pela hakukosea hata kidonge." Akashusha sauti: "Mwenye kosa ni mimi. Niliandika kiko kwenye kadi yangu, sikumwambia yeye kwamba siku akikiacha aje kwangu kwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba ataacha."

"Hata mimi," akasema Bibi.

Shangazi Veronica alikuwa amekunja uso muda wote. Sasa akaongea, na lazima niseme aliongea kwa akili. Akasema: kwa hiyo nilikuwa sahihi. Kiko kilikuwa kinamkinga. Akivuta leo, mafundi watarudi, dawa itapungua, atapona.

Nilidhani Asmahani atamkatalia. Hakumkatalia. Alimwambia kwamba alichokiona alikiona sawasawa, na kwamba madaktari wengi wanaona kwa shida zaidi yake: mtu ameacha moshi, mtu ameugua, na moshi ukirudi dalili hizi zitaondoka. Hayo yote ni kweli. Kilichobaki ni kuchagua njia. Mnaweza kurudisha moshi ili uendane na dozi, au mkapunguza dozi iendane na kutokuwepo kwa moshi. Moshi unaokula dawa ya pumu ndio huo huo unaoiamsha pumu. Kidonge kimoja kimoja kinatosha sasa, na pembeni daktari atampa pampu ya kuvuta, na huko mbele huenda vidonge vikaachwa kabisa.

Tukamgeukia Bibi sote, kwa sababu kiko kilikuwa mkononi mwa Bibi na si mkononi mwetu. Alikuwa amekifungua. Alikuwa anapitisha kidole gumba pale palipobonyea na meno. Miaka hamsini, nadhani, si kitu unachokitoa kwa mchoro wa boksi. Nilitamani kumwambia kitu, nikaogopa. Mara ya kwanza nilipoongea alikaribia kufa.

"Hao mafundi," akasema mwishowe, "waliochakaa. Wameenda wapi?"

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Asmahani swali hilo. Alikaa sawa. Akasema mwili unawafungua. Ile ngata inakatwa, inageuka rangi ya kijani kisha njano, inatoka na nyongo. Lakini chuma hakitupwi. Kinatolewa katikati, kinafutwa, kinawekwa akiba, kitengeneze hemu nyingine. Huenda chuma cha mafundi wake wa moshi sasa kinabeba hewa kwenye damu yake.

"Ego," akasema Bibi taratibu, ndiyo ile ya Kiha anayoisema akikubaliana na jambo zito. "Kwa hiyo hakijapotea."

"Hakijapotea, Bibi yangu."

"Na somo yangu? Naye anao?"

Asmahani akamtazama Pela, aliyekuwa anatafuna pindo la kanga yangu. Akasema hapo ndipo panapomfurahisha zaidi. Mafundi wa aina hii mtoto huzaliwa karibu hana kabisa. Anaanza kuwapata kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi. Hivi sasa, miezi minne hii, ini lake ndilo linajifunza kuwatengeneza. Kwa hiyo dawa ya Bibi isije ikamgusa hata kwa bahati mbaya, na chuma anachokula mama kiendelee.

Bibi akacheka, na safari hii kicheko kilikuwa na maji. Akasema basi ni sawa, yeye anawapunguza na mwenzake anawaajiri, katika jina lile lile.

Akakifunga kiko. Shangazi Veronica alinyoosha mkono kukipokea, lakini Bibi alimpita, akampa Asmahani.

"Kiweke pamoja na kadi yangu," akamwambia. "Siku nikija kukidai, usinikatalie, mimi ni mtu mzima. Ila kabla hujanipa, nipandishie dozi."

Asmahani alicheka hadi ushungi ukalegea. Akakipokea kwa mikono miwili. Baadaye nilipokwenda dirishani kuchukua dawa nilikiona kwenye droo, juu ya kadi, kimelala kwenye kitambaa chake, na kwenye kadi pale pembeni ameandika tarehe na neno jipya: *kiko kipo kwangu.*

Tulikaa siku mbili zaidi, kisha tukampeleka Kitahana. Shangazi Veronica hakuniomba msamaha, na sikungoja aombe. Tulipofika alinifungua kanga, akamtoa Pela mgongoni kwangu, akamfunga mgongoni kwake, na akazunguka naye nyuma ya jiko. Nilipowafuata nilimkuta ameinama, anang'oa mashina ya tumbaku moja moja na kuyarusha pembeni, huku anamwimbia mtoto kwa Kiha. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Hakikutetemeka.

"Usimalize yote," akasema Bibi. "Acha moja, nione linavyochanua."

Shangazi akaacha moja.